Usiipige Chini Fizikia Kabla Hatujazungumza

Kila Januari, matokeo ya upimaji wa kidato cha pili yakishatoka, swali huwa lile lile kwa sura nyingi. "Dada, nichukue mchepuo gani?" Mwingine anazunguka kidogo: "Dada, nikiacha Fizikia kuna shida?" Na yupo ambaye ameshaiacha, sasa yuko kidato cha nne na anatamani nimwambie hakuna shida yoyote. Leo tukae tulimalize jambo hili, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na tano huachiwa aamue ndani ya siku mbili, kisha majibu ya uamuzi huo humfikia miaka minne baadaye, anapoomba chuo.

Najua kwa nini wengi mnaikimbia Fizikia. Shuleni kwenu mwalimu wa Fizikia ni mmoja kwa madarasa yote, au hayupo kabisa. Maabara ina meza na sinki kavu. Kaka wa kidato cha nne amekwambia somo hilo ni la wavulana, na rafiki yako wa dawati moja ameshahamia mchepuo wa sanaa, nawe hutaki kubaki peke yako. Sababu hizi ni za kweli, sizidharau hata moja, isipokuwa hiyo ya wavulana, ambayo ni uongo.

Sasa sikia. Ukitaka kusoma stashahada ya utabibu baada ya kidato cha nne, mwongozo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, unataka ufaulu katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Ufaulu maana yake ni kuanzia D, na D ya kidato cha nne inaanzia alama 30 kwa 100. Alama 30 tu! Binti aliyeipiga chini Fizikia kidato cha tatu kwa kuhofia kwamba hataweza kupata A, kumbe alikuwa anahitaji 30 tu ili mlango ubaki wazi. Mada nne au tano ukizielewa vizuri, na mazoezi ya vitendo ukiyafanya kwa utulivu, 30 inapatikana. Nimeona binti anapata C ya Kemia, B ya Biolojia, anaipenda kazi ya hospitali tangu utotoni, na bado anarudishwa kwa sababu kwenye cheti chake Fizikia haipo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza na mkubwa kuliko yote ni huu: panga masomo kwa kurudi nyuma. Anza na kazi au kozi unayoitaka, hata kama ni mbili tatu na hujaamua. Tafuta sifa za kujiunga nayo. Sifa hizo zitakuambia tahasusi ya kidato cha tano, yaani yale masomo matatu utakayoyasoma huko, au kama kuna njia ya chuo cha kati moja kwa moja. Tahasusi itakuambia masomo ya kidato cha nne. Masomo ya kidato cha nne yatakuambia usiache nini leo. Wengi wetu tunaenda kinyume chake: tunachagua kilicho rahisi leo, kisha tunakwenda kuuliza kinafungua mlango gani.

Kuna kosa la pili ambalo wazazi nao huliunga mkono, nalo ni kuabudu divisheni. Chukua binti mwenye matokeo haya: Kiswahili A; Kiingereza, Historia, Jiografia na Uraia B zote; Biolojia C; Kemia D; Fizikia F na Hisabati F. Baraza la Mitihani (NECTA) linachukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A ikiwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4, F pointi 5. Jumlisha: 16. Divisheni ya kwanza inaishia 17, kwa hiyo huyu amepiga wani. Nyumbani watachinja kuku, na wana haki. Lakini kama ndoto yake ilikuwa udaktari, PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) haipati na utabibu haupati, kwa sababu ya hiyo F ya Fizikia. Mwenzake amepata C za Fizikia, Kemia, Kiingereza, Kiswahili, Jiografia na Uraia, pamoja na B ya Biolojia. Jumla 20, divisheni ya pili. Mtaani hakuna aliyempigia vigelegele, lakini sifa za PCB anazo. Unapopokea matokeo, soma somo kwa somo kabla hujasoma divisheni.

Na hayo matokeo yana hesabu zake kwenye uchaguzi wa kidato cha tano. OR-TAMISEMI, ambayo ndiyo inayopanga wanafunzi wa kidato cha tano, huangalia kwanza kama una alama A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu yasiyo ya dini, na kama pointi zako za masomo saba hazizidi 25. Kisha inaangalia masomo matatu ya tahasusi yenyewe. Neno "yasiyo ya dini" lishikeni sana. Maarifa ya Uislamu na Biblia ni masomo mazuri, yanajenga mtu, na sitamwambia yeyote ayaache. Lakini usiyategemee kujaza pengo la somo ulilolitelekeza, maana kwenye sharti hilo la masomo matatu na kwenye vyuo vya kati hayahesabiwi.

Tuje kwenye tahasusi zenyewe, au kombi kama mnavyoziita. Zamani ukitaja PCM, PCB, CBG, EGM, HGE, HGL, HKL na chache nyingine ulikuwa umemaliza. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi mpya 49, jumla zikawa 65. Ni jambo jema kwa wenye vipaji ambavyo zamani havikuwa na pa kwenda, lakini limeongeza pia mkanganyiko. Mnachagua jina linalosikika vizuri bila kuuliza kozi gani za chuo kikuu zinaitambua. Usijaze kombi yoyote, ya zamani au mpya, kabla hujafungua Mwongozo wa Udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na kuona kozi angalau tatu inazoziwezesha. Mwongozo huo uko wazi kwenye tovuti ya TCU, haulipiwi. Simu ya mzazi yenye bando dogo inatosha.

Mfano unaoniumiza ni wa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia). Kila mwaka wapo mabinti wanaoingia CBG wakiamini kwamba ni PCB iliyopunguzwa makali, na kwamba mwisho wa siku watakuwa madaktari. Shahada ya udaktari wa binadamu inadai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia, yote matatu, ya kidato cha sita. CBG ina kozi zake nzuri, kwenye kilimo, mazingira na sayansi ya chakula. Iheshimu kwa hicho ilicho nacho, uingie ukijua. Vivyo hivyo kwa uhandisi: msingi wake ni Fizikia na Hisabati ya juu, na Jiografia haiwezi kushika nafasi ya hayo mawili.

Hapo kwenye chuo kikuu kuna jambo linalowachanganya hata walimu. NECTA huhesabu pointi kwa kwenda chini, A ni 1, mwenye chache ndiye aliyefaulu zaidi. TCU huhesabu kwa kupanda: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili, kila moja likiwa na E au zaidi, yenye jumla ya pointi 4, na yawe masomo yanayotakiwa na kozi hiyo. Alama S, iliyo chini ya E, haimo. Mwanafunzi wa PCB mwenye C ya Biolojia, E ya Kemia na S ya Fizikia ana divisheni ya tatu ya pointi 14. Kwa TCU ana 3 na 1, jumla 4, kiwango cha chini amekifikia. Zipo kozi zitakazompokea kwa Biolojia na Kemia. Udaktari hautampokea, kwa kuwa S yake ya Fizikia haihesabiki. Na pointi 4 ni kiwango cha chini tu, kozi zenye waombaji wengi huchukua wenye zaidi.

Ninawasikia baadhi yenu mkisema, "Dada, mimi sayansi siipendi, napenda lugha." Mdogo wangu, nenda HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) kifua mbele! Nchi hii inahitaji walimu, wanasheria, wakalimani na waandishi wazuri. Sijaandika haya ili kila mtu avae koti jeupe. Ninachokataa ni kuikimbilia sanaa kwa woga halafu kuiita mapenzi. Kipimo ni chepesi: kama shule yako ingekuwa na mwalimu mzuri wa Fizikia na maabara kamili, ungechagua nini? Ukijibu "bado Historia na Kiswahili", basi umechagua kwa moyo. Na hata huko kwenye sanaa na biashara, Hisabati usiizike. Kozi kadhaa za uchumi, uhasibu na takwimu hurudi kutazama Hisabati yako ya kidato cha nne, na F iliyokaa pale hukusemea vibaya.

Kwa wale ambao shule haina mwalimu, siwezi kuwadanganya kwamba juhudi peke yake inaziba kila kitu. Ni haki yenu kufundishwa, na wazazi kwenye bodi ya shule wanapaswa kuidai. Wakati wanadai, tumieni kilichopo. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada bila malipo. NECTA imeweka mitihani iliyopita kwenye tovuti yake. Kundi la wanne linalokaa kila Jumamosi na karatasi moja ya mtihani uliopita, wakabishana hadi wakaelewa, limewavusha wengi.

Wale mlio madarasa ya chini, jueni kwamba mtaala unabadilika hatua kwa hatua baada ya Sera ya Elimu toleo la 2023, na tangu Januari 2024 umeanza mkondo wa amali kwa wanaotaka elimu ya sekondari yenye ufundi ndani yake. Msimtegemee dada aliyesoma miaka kumi iliyopita awapangie masomo. Muulizeni mwalimu wa taaluma darasa lenu linafuata mtaala upi, na yapi ni ya lazima. Wala msiudharau ufundi. Kwenye uchaguzi ule ule wa kidato cha tano, OR-TAMISEMI huwapangia wengine vyuo kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na Chuo cha Ufundi Arusha, na nimewaona wazazi wakilia kana kwamba mtoto amefeli. Stashahada ya ufundi kutoka chuo kizuri ina njia ya kuendelea hadi shahada.

Kuna mambo madogo ya karatasi ambayo huharibu makubwa, nayataja haraka. NECTA ikifungua usajili wa kidato cha nne, hakikisha majina yako yameandikwa kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, maana siku ya kuomba mkopo wa elimu ya juu wa HESLB cheti hicho kitahakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi, na majina yasiyolingana yatakusumbua. Kagua pia orodha ya masomo uliyosajiliwa, si majina tu. Na Selform, fomu ya machaguo unayoijaza ukiwa kidato cha nne, haikufungi moja kwa moja: matokeo yakitoka, hufunguliwa dirisha la kubadili machaguo kwenye mfumo. Tangazo lake halipigiwi mbiu mlangoni kwenu, kwa hiyo fuatilia mwenyewe, na tunza namba yako ya mtihani.

Na wewe ambaye mambo yameshaharibika, usiufunge ukurasa huu. Somo moja linaweza kurudiwa kama mtahiniwa wa kujitegemea, huna haja ya kurudia yote. Kwa masomo ya sayansi, tafuta kituo chenye maabara, mtihani wa vitendo haukwepeki. Uliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito, Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 unakuruhusu kurudi kwenye mfumo rasmi baada ya kujifungua, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo ina njia yake ya sekondari. Asikuambie mtu kwamba umechelewa. Mwaka mmoja wa kurudia Fizikia ni mfupi kuliko miaka thelathini kwenye kazi usiyoitaka.

Wazazi mnaosoma kona hii juu ya bega la binti zenu, nami nawaomba kitu kimoja. Kabla ya kumwambia "chukua sayansi" au "sayansi itakushinda", muulize anataka kuwa nani, kisha fungueni mwongozo pamoja.

Wewe mdogo wangu, wiki hii nenda ofisini kwa mwalimu wa taaluma. Ukiogopa kwenda peke yako, nenda na rafiki. Beba karatasi yenye kozi mbili unazozitaka, na umuulize ni masomo gani usiyoruhusiwa kuyaacha. Akikujibu, yaandike hapo hapo, halafu ndipo ujaze fomu ya mchepuo.