Kikombe cha Pombe Barabarani

Katika jimbo la Ohio, huko Marekani, ni kosa mtu kushika chombo cha pombe kilichofunguliwa akiwa mahali pa watu wote. Anywe baani, au anywe kwake. Akitoka na bilauri yake hadi barabarani, amekwisha vunja sheria. Lakini mwaka 2015 jimbo hilo lilitunga sheria ya kuziruhusu halmashauri za miji kutenga eneo maalumu ambamo katazo hilo halitumiki. Humo mtu hununua kinywaji, akatembea nacho, akatazama maduka na kusikiliza muziki. Miji midogo nayo imepewa ruhusa hiyo, na mingi imeipokea kwa furaha.

Twapenda kulichungua jambo hili kwa utulivu, maana si wema mtupu wala si uovu mtupu.

Kwanza tuitazame historia, kwani ni ya ajabu. Karibu na Columbus, makao makuu ya jimbo, uko mji mdogo uitwao Westerville. Mwaka 1875 mtu mmoja alifungua baa hapo, nayo ikalipuliwa kwa baruti. Alipojaribu tena mwaka 1879, ikalipuliwa mara ya pili. (Wapingao ulevi wa zama zile hawakuwa watu wa maneno matupu, ingawa baruti hatuisifu.) Baadaye chama kikubwa cha kupinga mabaa, kilichoanzishwa Oberlin mwaka 1893, kiliweka mtambo wake wa kuchapa Westerville, kikaieneza nchi nzima kwa makaratasi. Matunda yake yalikuwa marufuku ya pombe ya Marekani yote, iliyoanza Januari 1920 na kuondolewa Desemba 1933. Kanisa liliachiwa divai ya Misa, lakini raia walinunua pombe ya magendo, na majambazi wakatajirika. Westerville wenyewe haukuuza pombe hadi mwaka 2006. Leo mji huohuo una eneo la kutembea na kikombe mkononi.

Marufuku ilipoondolewa, kila jimbo liliachiwa kujiamulia habari za pombe. Ndiyo maana sheria hizi hutofautiana sana toka jimbo hata jimbo.

Sababu ya miji midogo kuzitaka yaeleweka. Maduka makubwa ya pembezoni, na siku hizi biashara ya intaneti, yamewanyang'anya wauzaji wa katikati ya mji wateja wao. Mwenye duka huona milango ya jirani ikifungwa mmoja mmoja. Diwani anayetafuta njia ya kuwarudisha watu jioni hatumwiti adui wa jamii.

Tena sheria ya Ohio si holela. Meya hupeleka ombi kwa halmashauri akionyesha mipaka ya eneo, na wauzaji wenye leseni, wasiopungua wawili katika mji mdogo. Halmashauri huweka saa za kunywa, mabango ya mipaka, idadi ya walinzi, na mpango wa usafi. Vikombe visiwe vya kioo. Kinywaji kilichonunuliwa kwa mmoja hakiingizwi kwa mwingine, wala hakivuki mpaka. Na umri wa kununua ni miaka 21 palepale.

Hata hivyo, twaona upungufu. Sheria yahesabu wauzaji, yapima ekari, lakini haitaki zihesabiwe nyumba zenye watoto zilizomo ndani ya mipaka. Mama anayeishi juu ya duka hakuingia baani. Baa ndiyo iliyomjia mlangoni. Na mwanamume anayepigana na ulevi, ambaye zamani aliweza kuuepuka mlango mmoja, sasa auepukeje mtaa mzima? Sisi Wakatoliki hatufundishi kwamba divai ni dhambi. Bwana wetu mwenyewe aliwapa wageni wa Kana. Twafundisha kiasi. Basi twauliza: huyo mwenye udhaifu, ambaye kiasi kwake ni kutoonja kabisa, nani amemwakilisha mbele ya halmashauri?

Jibu liko mikononi mwa wakazi kuliko wanavyodhani. Ombi likifika, tangazo lazima litolewe mara moja kwa juma, kwa majuma mawili mfululizo. Faili hukaa wazi kwa karani saa za kazi. Halmashauri hairuhusiwi kuamua kabla ya siku 30 tangu tangazo la kwanza, wala kukawia kupita siku 60. Siku hizo 30 ni za wazazi. Wenye mabaa huzitumia vizuri, kwa kuwa riziki yao imo. Wazazi wengi tangazo hawalisomi, wakaja kulalamika vikombe vikiwa vimekwisha tupwa bustanini. Na hata hapo hawajachelewa kabisa, kwani halmashauri iliyoliweka eneo yaweza kulifuta, lote au sehemu yake.