Kwa Nini Mlevi Hutetemeka Asubuhi?

Wako watu ambao asubuhi hawawezi kushika kikombe cha chai bila kukimwaga. Mikono hutetemeka, jasho huwatoka, moyo hupiga mbio. Wakipata pombe kidogo, mikono hutulia. Wenyewe huita jambo hilo kuzimua, na majirani huona ni tamaa tu. Sayansi haikubaliani na majirani.

Ubongo huendeshwa kwa mizani ya kemikali nyingi, na mbili kati yake ni kubwa: GABA, inayotuliza neva, na glutameti, inayoziamsha. Alkoholi huiongezea nguvu ile ya kwanza na kuizuia ile ya pili; ndiyo maana mnywaji husinzia na ulimi wake huwa mzito. Lakini mtu anywapo sana kila siku kwa muda mrefu, ubongo hujirekebisha: sehemu zinazopokea GABA huwa butu, zile za glutameti huongezeka. Kipimo cha zamani hakimlevyi tena. Hapo ndipo wenzake humsifu kwamba ana kichwa kigumu, kumbe sifa hiyo ni dalili ya ugonjwa.

Pombe ikiondolewa ghafla, upande wa kuamsha hubaki bila kizuizi. Kutetemeka huanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho. Katika siku mbili za kwanza mgonjwa aweza kuanguka kama mwenye kifafa. Kuanzia siku ya pili au ya tatu wengine hupandwa na homa, husahau walipo, na huona wadudu au watu wasiokuwapo. Jamaa wakidhani amerogwa, wakampeleka kwingine, aweza kufa njiani. Kwa hiyo kumfungia chumbani mnywaji wa miaka mingi mpaka pombe imtoke si tiba. Hospitalini hupewa diazepamu, dawa inayoisaidia GABA, na kipimo hupunguzwa siku hadi siku. Hupewa pia vitamini B1, kwani upungufu wake huharibu kumbukumbu.

Heroini ina njia yake. Arosto, yaani maumivu ya viungo, kuhara na kukosa usingizi, hutesa mno lakini ni nadra kuua. Hatari kubwa huja baadaye: aliyeacha kwa majuma kadhaa, pengine akiwa gerezani, mwili wake umepoteza ustahimilivu, akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi husimama. Methadoni hushika sehemu zile zile za ubongo, ila polepole na kwa muda mrefu, hivyo dozi moja ya kunywa kwa siku yatosha. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011. Wapo wanaosema huko ni kubadilisha kileo kwa kileo. Lakini mgonjwa aliyepimiwa vema halewi, hajidungi sindano, na aweza kwenda kazini.

Anayempeleka ndugu yake hospitalini kwa ajili ya pombe amweleze mganga mambo matatu: kiasi anachokunywa kwa siku, saa aliyokunywa mara ya mwisho, na kama amewahi kuanguka alipojaribu kuacha.