Kutafuta Hitilafu katika Mtambo wa Kale wa Maji ya Moto

Katika nchi za baridi kama Uingereza, nyumba haikaliki wakati wa kipupwe bila ya chombo cha kuipasha joto. Nyumba nyingi za nchi hiyo zilitiwa, hasa katika miaka ya 1960 na 1970, mtambo mmoja unaofanya kazi mbili: kupasha vyumba joto na kutoa maji ya moto ya kuogea na kuoshea vyombo. Mitambo ya namna hiyo ingali ipo katika baadhi ya nyumba, na inapoharibika humlazimu fundi kufikiri kabla ya kushika spana. Kwa mwalimu na mwanafunzi wa fizikia na kemia, mtambo huu ni maabara kamili. Humo hukutana mtanuko wa maji, kanieneo, myuko, kutu, maji magumu na mwako, na kila hitilafu ni swali lenye jibu katika kanuni zinazofundishwa darasani.

Sehemu za mtambo

Chini, aghalabu jikoni, hukaa boila linalopasha maji kwa makaa ya mawe, mafuta au gesi. Kutoka hapo maji ya moto hupanda kwa bomba moja hadi kwenye silinda ya shaba iliyo ghorofani. Ndani ya silinda mna koili, yaani bomba lililozungushwa mara nyingi. Maji ya boila hupita ndani ya koili, huacha joto lake, kisha hurudi chini kwa bomba la pili. Maji ya kuogea huwa nje ya koili. Hupata joto bila ya kuchanganyika na maji ya boila. Maji ya boila hupelekwa pia, kwa msaada wa pampu ndogo ya umeme, kwenye rejeta, ambazo ni masanduku bapa ya chuma yaliyowekwa ukutani katika kila chumba.

Darini mna matangi mawili. Tangi kubwa hulisha silinda maji baridi. Tangi dogo hujaza boila na rejeta, na tena hupokea maji yanayozidi wakati wa mtanuko. Lita 100 za maji zikipashwa kutoka nyuzi 10 hadi nyuzi 80 za Sentigredi huongezeka kwa karibu lita 3, na maji hayo hayana budi kupata pa kwenda. Mwisho kuna bomba la pumzi, ambalo hupanda moja kwa moja na kuinama juu ya tangi dogo likiwa na mdomo wazi. Bomba hilo ndilo mlinzi wa nyumba, maana kwa kuwapo kwake kanieneo ndani ya boila haiwezi kuzidi kiasi.

Nguvu ndogo inayoendesha mtambo

Katika mitambo mingi ya kale maji huzunguka kati ya boila na silinda bila ya pampu. Kinachoyaendesha ni tofauti ya densiti. Maji ya nyuzi 80 yana densiti ya kilogramu 971.8 kwa mita moja ya ujazo. Maji ya nyuzi 60 yana kilogramu 983.2. Maji mazito ya bomba la kurudia hushuka na kuyasukuma juu maji mepesi.

Ichukuliwe kwamba silinda iko mita 3 juu ya boila. Kanieneo inayoendesha mzunguko hupatikana kwa kuzidisha tofauti ya densiti, mchapuko wa mvutano wa dunia na kimo:

11.4 × 9.8 × 3 = karibu paskali 335.

Kiasi hiki ni karibu sehemu moja tu ya 300 ya kanieneo ya angahewa. Ni sawa na uzito wa safu ya maji yenye kimo cha sentimita 3.5 hivi. Basi endapo bomba limepindwa vibaya likafanya kigongo, na hewa ikakusanyika juu ya kigongo hicho kiasi cha kuyaacha maji ya upande mmoja chini kuliko ya upande mwingine kwa sentimita 4, mzunguko husimama. Hii ndiyo sababu mafundi wa zamani walilaza mabomba kwa mteremko usiokatika, ili hewa ipande yenyewe na kutoka.

Maswali manne ya fundi

Mtafuta hitilafu hupotea njia akianza kwa kubadilisha vipuri. Utaratibu ulio bora ni kuuliza maswali manne kwa mfuatano: Je, maji yapo? Je, joto linazalishwa? Je, joto linasafirishwa? Je, joto linapokewa? Jibu la kila swali hupatikana kwa jicho, sikio, kiganja na kipimajoto, kabla ya kifaa chochote kufunguliwa.

1. Je, maji yapo?

Dalili ya kwanza ni rejeta za ghorofani kuwa baridi ilhali za chini zina moto. Aghalabu chanzo kiko darini. Maji ya tangi dogo hupungua polepole mno, kwa hiyo vali yake ya boya huweza kukaa miaka bila ya kutikisika, ikaganda. Siku maji yanapopungua, vali haifunguki, na sehemu za juu za mtambo hubaki tupu.

Dalili iliyo kinyume ni maji kudondoka nje kutoka bomba la kumwagia la tangi dogo. Wengi hulaumu boya papo hapo, lakini jaribio jepesi huamua. Koki ya maji yaingiayo katika tangi hilo ifungwe, kisha usawa wa maji utiwe alama. Usawa ukibaki pale pale, boya au vali ndiyo mbovu. Usawa ukizidi kupanda, maji yanatoka mahali pengine, na karibu kila mara chanzo ni tundu katika koili ya silinda: maji ya tangi kubwa, ambayo usawa wake uko juu zaidi, yanajipenyeza katika maji ya boila.

2. Je, joto linazalishwa?

Boila la gesi lenye afya huwa na mwali wa buluu uliotulia. Mwali wa manjano, au masizi kwenye kifuniko cha boila, ni dalili kwamba oksijeni haitoshi au dohani imeziba. Hapo hutokea kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kati ya mwaka 1967 na 1977 Uingereza iliacha gesi iliyotengenezwa kwa makaa ya mawe, ambayo yenyewe ilikuwa na kaboni monoksaidi, ikatumia gesi asilia isiyo na sumu hiyo. Hata hivyo hatari haikwisha, kwani gesi asilia isipoungua kikamilifu huzaa sumu ile ile. Kuumwa kichwa na kichefuchefu kwa watu wa nyumba nzima, hali inayopungua wakitoka nje, ni ishara ya kuzima boila mara moja, kufungua madirisha, kutoka nje na kumwita fundi wa gesi mwenye idhini.

3. Je, joto linasafirishwa?

Ikiwa boila lina moto mkali na silinda ni baridi, kiganja kiwekwe kwa uangalifu juu ya mabomba mawili. Bomba la kupandia likiwa la moto hadi mahali fulani kisha likawa baridi ghafula, hapo pana hewa iliyokwama. Mabomba yote mawili yakiwa ya moto sawasawa, maji yanazunguka, na kosa liko mbele.

Sauti nayo hufundisha. Boila likitoa mlio kama wa birika linalokaribia kuchemka, huenda limejenga ukoko ndani. Katika maeneo ya maji magumu, kama London na kusini-mashariki ya Uingereza penye miamba ya chaki, maji huwa na kalsiamu haidrojeni kabonati. Joto huigawa:

Ca(HCO₃)₂ → CaCO₃ + H₂O + CO₂

Kalsiamu kabonati hujikusanya mahali penye moto zaidi. Chini ya ukoko huo maji huchemka kwa vipovu vidogo vinavyopasuka kwa kishindo, na fueli hupotea kwa kuwa ukoko haupitishi joto vema. Maji ya boila yanayozunguka yale yale siku zote huacha ukoko mdogo tu, maana kalsiamu yake hukwisha. Basi ukoko mwingi katika boila ni ushahidi kwamba mtambo unavuja mahali, na kila siku unaingiza maji mapya.

4. Je, joto linapokewa?

Rejeta ipapaswe kutoka juu hadi chini. Ikiwa juu ni baridi na chini ni moto, gesi imekaa juu, nayo hutolewa kwa ufunguo wa vali ndogo ya pembeni. Asisogee mtu na kiberiti, kwani huenda gesi hiyo si hewa bali ni haidrojeni itokanayo na kuliwa kwa chuma:

3Fe + 4H₂O → Fe₃O₄ + 4H₂

Ikiwa juu ni moto na chini ni baridi, tope limelala chini. Tope jeusi huvutwa na sumaku. Ni oksaidi ya chuma Fe₃O₄, inayotokea penye oksijeni haba. Maji yenye kutu nyekundu hueleza habari tofauti, kwamba oksijeni mpya inaingia, pengine kwa sababu pampu inayatapisha maji ndani ya tangi dogo kupitia bomba la pumzi. Kuosha rejeta bila ya kuondoa sababu hiyo ni kazi bure, kwani tope litarudi.

Hatari tatu zisizosahauliwa

Ya kwanza ni barafu. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Bomba la pumzi na bomba la kulisha yakiziba kwa barafu, boila huwa chombo kilichofungwa pande zote, na maji yakigeuka mvuke katika kanieneo ya angahewa hujaza nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ujazo wake. Kuwasha moto katika hali hiyo kunaweza kulipasua boila na kuua watu. Wala maji baridi yasitiwe ghafula katika boila lililokauka likiwa na moto.

Ya pili ni vijidudu. Mwaka 1976 ugonjwa mkali wa mapafu ulizuka Philadelphia, Marekani, na mwaka uliofuata bakteria aliyeusababisha, Legionella, alitambuliwa. Husitawi katika maji ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45. Kwa hiyo anayepunguza jotoridi la silinda ili kuokoa fueli huweza kuyafuga maradhi. Silinda yapasa kuwekwa kwenye nyuzi 60, na watoto walindwe wasiungue.

Ya tatu ni asbesto. Vifuniko vya zamani vya mabomba na boila huweza kuwa na nyuzi zake, ambazo zikivutwa huleta saratani. Kifuniko cheupe cha zamani kisikwanguliwe wala kusuguliwa mpaka kichunguzwe na mtaalamu.

Jaribio la darasani

Bomba la kioo lenye umbo la mstatili lijazwe maji, na chembe moja ya potasiamu pamanganeti idondoshwe kwenye pembe ya chini. Pembe hiyo ipashwe moto mdogo. Rangi itapanda upande wa moto na kushuka upande wa baridi. Kisha kipovu cha hewa kiachwe kwa makusudi katika upande wa juu, na jaribio lirudiwe. Wanafunzi waeleze wanayoyaona.

Maswali ya mazoezi

1. Silinda iko mita 2 juu ya boila. Maji hupanda yakiwa na nyuzi 80 (densiti 971.8) na kurudi yakiwa na nyuzi 70 (densiti 977.8). Tafuta kanieneo inayoyaendesha. Je, mzunguko una nguvu kuliko katika mfano wa hapo juu?

2. Tangi liko mita 5 juu ya bomba la kuogea. Tafuta kanieneo ya maji kwenye bomba hilo yakiwa yametulia, kisha uilinganishe na ya angahewa.

3. Rejeta moja hujaa gesi kila wiki na maji yake ni mekundu. Taja sababu mbili zinazowezekana, na jaribio la kuzitenganisha.

4. Mitambo mingi ya kupasha maji kwa jua juu ya mapaa ya Afrika Mashariki haina pampu. Kwa nini tangi lake huwekwa juu ya bamba linalopokea jua? Eleza kitakachotokea usiku endapo tangi litawekwa chini ya bamba.