Somo la Afya: Saratani ya Utumbo Mpana

Wanafunzi wapenzi, na ninyi ndugu mliokwisha kutoka shuleni,

Kila mwaka nifundishapo njia ya chakula, darasa husikiliza vizuri mpaka tufike kwenye utumbo mpana; hapo vicheko huanza. Kwa mtoto kicheko hicho si kitu. Lakini mtu mzima mwenye haya kama hiyo huweza kuficha ugonjwa mpaka umwue. Ndiyo sababu naandika somo hili.

Utumbo mpana una urefu wa kama mita 1 na nusu. Kazi yake ni kufyonza maji kutoka katika mabaki ya chakula na kuyasukuma nje. Utando wake wa ndani hujifanya upya kila siku chache. Pengine chembe zake hukosa utaratibu, zikazidi, kikaota kinundu. Vinundu vingi havidhuru. Vichache, baada ya miaka kama 10, hugeuka saratani. Hiyo isipotolewa hupenya ukuta wa utumbo na kuenea hata kwenye ini na mapafu.

Je, ni ugonjwa wa Wazungu tu? Daktari Denis Burkitt, mpasuaji wa Ireland aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 hata 1966, aliuona kwa nadra sana. Mwaka 1971 aliandika kwamba huenda chakula chenye makapi mengi ndicho kilichowakinga watu. Utafiti wa baadaye umeonyesha kuwa chakula cha namna hiyo hupunguza hatari, ingawa si kinga kamili. Basi tusidharau maharage na lengalenga za nyumbani. Nyama nyekundu nyingi, soseji, pombe, sigara, unene na kukaa bila kutumia viungo huongeza hatari. Kadhalika umri wa kupita miaka 50, au kuwa na mzazi au ndugu aliyeugua. Lakini hata vijana huupata.

Mwaka 2022 watu wapatao milioni 1.9 duniani waligunduliwa kuwa nao, na kama 900,000 walikufa. Mmoja wao ni Pele, bingwa wa mpira: alipasuliwa Septemba 2021, akafariki tarehe 29 Desemba 2022.

Dalili zake ni hizi: damu katika choo, kuhara au kufunga choo kwa majuma mengi kinyume cha desturi, maumivu ya tumbo, kukonda na kuishiwa damu bila sababu. Hapa Bujumbura mtu aonapo damu husema, "Ni amiba," au, "Ni bawasiri," akanunua dawa, akanyamaza. Mara nyingi hukisia kweli. Lakini kukisia si kupima. Mganga huweza kupima choo, na kutazama ndani kwa mpira mwembamba wenye taa, na hata kukata kinundu kabla hakijageuka. Katika nchi zenye matibabu mema, saratani ikigunduliwa ingali ndani ya ukuta wa utumbo, wagonjwa kama 9 katika 10 huwa hai baada ya miaka 5. Ikisha kuenea mbali, wanaopona ni wachache.

Basi, likizo mrudipo nyumbani, Buyenzi, Kamenge au Rumonge, waelezeni wazee wenu kwa adabu mambo haya. Na ninyi mliokwisha kuwa wazee, msingoje kuambiwa na watoto. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua.