Springi za Nyuma za Pikipiki

Mwaka 2008 Serikali ya Kenya ilipopunguza kodi ya pikipiki ndogo, bodaboda zilienea upesi pwani, na leo mgonjwa wa Ganze huenda akafikishwa hospitali ya Kilifi juu ya pikipiki. Hapo ndipo springi za nyuma huonyesha uwezo wake.

Apandapo dereva peke yake, springi hubonyea kiasi. Akiongezwa abiria (mmoja tu, ndivyo sheria isemavyo), karibu uzito wake wote hukaa nyuma. Mkia huzama, taa huelekea juu na kuwatia kiwi wajao mbele, na penye shimo springi hugota. Abiria ndiye aumiaye mgongo.

Pikipiki nyingi zina pete yenye ngazi kwenye springi. Izungushe kwa spana yake, kulia na kushoto ngazi sawa. Abiria akishuka, irudishe. Lakini fahamu kwamba pete huinua mkia tu, haizidishi nguvu ya springi. Achukuaye abiria kutwa hana budi kununua springi ngumu zaidi, mbili kwa pamoja, za urefu ule ule wa kwanza, kisha aupime upya mnyororo.

Watu wa Malindi na Watamu wana adui mwingine: chumvi ya bahari. Fimbo ya shokapu ikishika kutu hukwaruza mpira uzuiao mafuta, mafuta huvuja, na pikipiki huendelea kurukaruka hata shimo likiisha kupitwa. Ukiyaona mafuta hayo, usipoteze fedha kwa springi peke yake. Badili shokapu nzima, zote mbili.