KULIANDIKA JUMBA KATIKA DAFTARI LA KOMPYUTA



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili huambiwa wafanya biashara, lakini mimi nimeona kwamba lawafaa hata wenye majumba. Katika makala haya nataka kueleza jinsi jumba zima liwezavyo kuandikwa katika kompyuta, na jinsi sisi wa Kidato cha Nne tulivyolifanyia hivyo bwalo letu la zamani kabla halijabomolewa likizo iliyopita.

Bwalo lile lilikuwa la mawe na chokaa. Babu yangu alikula humo miaka minne, na mimi mitatu na zaidi. Muhula uliopita tuliambiwa kwamba paa limeoza, ukuta wa nyuma umepasuka, na hapana budi libomolewe. Nilimwendea mwalimu wetu wa Historia nikamwuliza kama hakuna la kufanya. Akanijibu, "Kulijenga upya hatuwezi. Kulipima twaweza. Njoo Jumamosi na wenzako kumi."

Ziko njia mbili za kazi hii. Njia ya kwanza ni ya leza. Chombo husimamishwa juu ya miguu mitatu, nacho hutupa mwale wa nuru ukutani, ukagonga na kurudi. Nuru hukimbia kilometa 300,000 hivi kwa sekunde. Chombo hupima muda wa kwenda na kurudi, na kwa muda huo hupata umbali. Hufanya hivyo mara maelfu mengi kila sekunde, mpaka ukuta wote umegeuka kuwa nukta nyingi zenye vipimo. Lakini chombo hiki ni ghali mno, shule yetu haiwezi kukinunua.

Njia ya pili ni ya picha, na hiyo ndiyo tuliyoitumia. Nyosha kidole mbele ya uso, ukitazame kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Utaona kidole kama kinaruka. Kikiwa karibu huruka sana, kikiwa mbali huruka kidogo. Basi katika kuruka kule umo umbali wake. Tuseme umesimama mahali A ukaitazama pembe ya dirisha, C. Ukatembea meta 4 hadi B, ukaitazama tena. Ikiwa pembe ya A ni digrii 60 na ya B ni digrii 75, basi ya C ni digrii 45, na kwa hesabu ya pembetatu tuliyofundishwa darasani, kutoka A hadi C ni meta 5.46. Kompyuta hutafuta alama zilezile katika picha nyingi, ikafanya hesabu ya namna hii kwa alama maelfu na maelfu, kisha ikaziunga nukta na kuzivika rangi za picha. Mwisho wake hupatikana kielelezo cha jumba, ambacho waweza kukigeuza, kukizunguka na kuingia ndani.

Kwa kuwa sheria za shule hazituruhusu kuwa na simu, tulitumia ya mwalimu. Mara ya kwanza nilisimama katikati ya ua nikageuka huku na huku nikipiga picha. Kompyuta haikutoa kitu, kwa sababu mtu asiyetembea hana A na B. Tukaanza upya, hatua moja, picha moja, kila picha ikirudia zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia. Tulipiga 212. Tulifanya kazi asubuhi kabla jua halijawa kali, kwa maana vivuli vikihama kompyuta hudanganyika. Tena tuliupima mlango mkubwa kwa futi kamba, tukapata meta 2.10, bila kipimo kimoja cha kweli, kompyuta haijui kama jumba ni kubwa au ni kama kibiriti.

Labda msomaji atauliza, faida yake nini? Tazama makaburi ya wafalme wa Buganda yaliyoko Kasubi, Kampala. Yalipimwa kwa leza mwaka 2009, na tarehe 16 Machi 2010 jumba lake kuu likaungua. Kanisa la Notre-Dame la Paris lilipimwa mwaka 2010 na profesa Andrew Tallon wa Marekani. Alifariki mwaka 2018. Moto ukalishika kanisa tarehe 15 Aprili 2019, na vipimo vyake vikawasaidia wajenzi mpaka likafunguliwa tena Desemba 2024. Hapa kwetu, magofu ya Kilwa Kisiwani yalipimwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ambao kazi yao wameiita Zamani, neno letu la Kiswahili.

Hata hivyo kielelezo si jumba. Hakina kivuli cha kukaa wakati wa jua, wala hakimwepushi mtu mvua. Tena ni hatari mtu akisema, "Picha tunayo, bomoeni tu." Jumba linaloweza kutengenezwa litengenezwe, daftari ni la kusaidia mali, si la kushika mahali pake. Na daftari lenyewe lataka kutunzwa, maana kompyuta nayo hufa. Letu tumeliweka mahali patatu mbalimbali.

Siku ya wazazi nilimwonyesha babu kielelezo. Alikizunguka polepole, kisha akasema, "Nionyeshe mlango wa jikoni, ndipo tulipokuwa tukipanga foleni." Nikanyamaza. Pale kwenye mlango wa jikoni kielelezo chetu kina tundu jeusi. Ukuta ule ulikuwa mweupe mtupu, kompyuta haikuona alama za kushika, na mimi sikukagua picha mpaka bwalo lilipokwisha kubomolewa. Babu hakunilaumu. Alikaa nami akanieleza ulivyokuwa, upana wake, kizingiti chake kilicholika katikati kwa miguu ya wanafunzi, nami nikaandika yote katika daftari la karatasi.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa vidato vya chini: mkipima jumba, kagueni kazi yenu jumba likali limesimama. Na ninyi wazazi mliosoma hapa, kama mna picha ya zamani ya bwalo, hasa ya mlango wa jikoni, tafadhali mtuletee.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne