Uyoga wa Kichuguu na Buibui wa Shimoni

Mvua za kwanza zinyeshapo katika misitu ya miombo, uyoga wa jenasi Termitomyces huchomoza juu ya vichuguu. Hapo jirani, ndani ya shimo lililotandwa hariri, huweza kuishi Pterinochilus murinus, buibui mkubwa mwenye manyoya. Mwanafunzi akiulizwa ni kipi kati ya viumbe hivi kilicho karibu zaidi kiukoo na mmea wa mahindi, hujibu mara moja: uyoga. Jibu hilo si sahihi. Vyote viwili viko mbali na mhindi kwa kiasi kile kile.

Mwaka 1811 Mfaransa Henri Braconnot alitenga kutoka katika uyoga kitu kigumu kisichoyeyuka kwa urahisi. Mwaka 1823 Auguste Odier alikikuta katika magamba ya wadudu, akakiita kitini. Kitini hicho kimo katika kuta za seli za uyoga na katika gamba la buibui. Kuta za seli za mhindi hujengwa kwa selulosi. (Mpishi anaijua tofauti hii: mchicha hulegea sufurianí upesi, uyoga hubaki mgumu.)

Hata hivyo, matumizi hayafanani. Gamba la buibui halitanuki, hivyo hana budi kulivua ili akue, na kwa siku kadhaa hubaki laini, hawezi kuwinda. Uyoga hauna shida hiyo, kwani nyuzi zake hurefuka nchani tu, mahali ambapo ukuta ungali laini.

Vyote viwili humeng'enya chakula nje ya mwili. Buibui humwagia windo vimeng'enya, kisha hufyonza majimaji. Ndani ya kichuguu, nyuzi za kuvu hufanya vivyo hivyo juu ya mabaki ya miti yaliyotafunwa na mchwa. Lakini mwenendo huo si ushahidi wa undugu, wala kitini peke yake hakitoshi. Ushahidi wenye nguvu ulitokana na ulinganishaji wa protini, uliochapishwa mwaka 1993 na Sandra Baldauf na Jeffrey Palmer: kuvu na wanyama wana mhenga mmoja ambaye mimea haimo katika uzao wake.

Darasani, tone la iodini juu ya unga wa mahindi huleta rangi ya buluu iliyokoza, kwa kuwa mhindi huweka akiba ya wanga. Juu ya kipande cha uyoga huu rangi hiyo haitokei. Akiba yake ni glaikojeni, kama ya buibui.